Saa Mbili za Maji

Zamu yangu imeangukia saa nane usiku.
Navaa buti za mpira, nachukua jembe na tochi,
napita kwa kunyata nyuma ya vyumba sita
vya wageni waliolipa ili wasisikie kitu.
Wanasikia vyura. Asubuhi watanishitakia vyura.

Kaskazini mwa Ureno, Julai haina huruma.
Mfereji unashuka kutoka mlimani,
umetoboa mwamba, umeizunguka mialoni,
na kila nyumba ya Souto Frio ina saa zake
ndani ya daftari la Belmiro, lililoliwa pembe na panya.
Mimi nina mbili, kila siku ya kumi na moja.
Penye mstari wangu pameandikwa "Mjane wa Adérito",
ingawa sijaolewa na Adérito wala na mwingine;
nilinunua tu shamba lake, na paa lake, na madeni ya paa.

Mwaka wa kwanza nilikuja na ramani.
Bwawa la kuogelea, lisilotiwa dawa, matete pembeni,
la kusafishwa na mimea peke yake: kijani kuliko kijani.
Manispaa wakapiga muhuri. Nikachimba. Nikajaza.
Wiki ile viazi vya Zulmira vilikuwa vinatoa maua.
Alikuja na shina moja, majani yameshajikunja,
akalilaza juu ya muhuri wangu, akasema,
"Karatasi haijui kiu,"
akaenda zake, hata chai hakunywa.

Sikulala siku tatu. Ya nne nikalifungulia bwawa
literemke shambani kwake, lote. Vyura ndio waliokataa kuhama.
Shimo lile ndilo linalotuozeshea mboji sasa:
maganda, majani, na yale ya vyoo vya ndoo,
ambayo hatuyagusi mpaka miaka miwili ipite,
tukiyafunika kwa unga wa mbao wa fundi Custódio.
Kila akileta gunia huuliza,
"Kweli wanatoka Lisbon, na wanalipa,
waje kwenda haja kwenye ndoo?"
Wanalipa, namwambia. Na wewe unalipwa.
Hucheka hadi anashika mti.

Usiku huu nafika langoni: mfereji mkavu.
Kokoto tupu, na konokono mmoja aliyepotea njia.
Hasira inapanda. Nina matangi, nina nyanya,
nina watu kumi na mmoja watakaotaka kuoga.
Naufuata mfereji juu, tochi mbele, maneno tayari mdomoni.

Zulmira ameketi kwenye jiwe, miaka themanini na miwili,
ubao wa lango chini ya mguu wake, maji yote kwake.
Saa yake ya mkononi imesimama saa saba na robo.
Anaitikisa, ananionyesha, kama mtoto aliyevunja sahani.
Maharage bado safu nne.

Yale maneno niliyokuja nayo
nayameza, na yana miiba kama samaki.
Nazima tochi. Namshikia ubao.
Tunayasikiliza maji yakinywewa, safu kwa safu,
na mahali fulani kengele ya mbuzi, mara moja tu, usingizini.
Ananiuliza kama wageni wangu nao hukaa kimya hivi.
Wao wanajifunza, namwambia, kwa ada.
"Huku ni bure," anasema.

Saa kumi kasorobo ndipo tukageuza ubao.
Robo saa yangu ikaja mbio, na majani makavu mbele yake.

Kumekucha. Mgeni wa chumba cha nne, wakili,
yuko mlangoni, taulo begani, povu sikioni:
bomba linadondosha matone, kuna nini?
Namtazama. Alifika Ijumaa.
Leo Jumapili, siku yake ya tatu.
Nampa jembe.