Tafsiri ya Kikohozi

Fundi wa kwanza, pale barabara ya Peach, mjini Erie,
aliniuliza kadi ya benki kabla ya jina.
Ukutani kwake vikombe, picha, chati za nguvu
zikipanda kama homa.
"Hamsini na nane," akagonga karatasi kwa ukucha,
"nakupa farasi hamsini na nane."
Nikamwambia sijaja kununua zizi.
Hakucheka. Sikumlaumu,
Kiingereza changu kiliuangusha mzaha njiani.

Wa pili alikuwa na bei nzuri na mikono misafi.
Mikono misafi, saa kumi jioni, siku ya Alhamisi!
Niligeuza gari palepale.

Mimi Mapendo, miaka arobaini na mmoja.
Usiku namimina plastiki iwe vifuniko vya chupa,
Jumapili napanda pikipiki ya magurudumu manne
nikawalishe matope watoto wa watu.
Wifi yangu husema nimerogwa.
Labda. Mchawi wangu basi ana mipigo minne
na kabureta inayovuja.

"Kamwone Verlin," muuza matairi alisema,
"kule Corry, nyuma ya ghala la mbegu."

Verlin Hostetler, mrefu, kijiti cha kiberiti mdomoni.
"Ina nini?"
Maneno yote yakanikimbia
kama kuku siku ya sikukuu.
Basi nikamfanyia:
hm-hm-hm… bweh!
halafu vuuuum.

Akaweka spana chini. Akafumba macho.
"Hm-hm," akarudia. "Inatoka puani au kifuani?"
"Puani."
"Ukiruka, au ukishatua?"
"Nikitua. Na kona ya kushoto."
"Hiyo ni njaa," akasema. "Si ugonjwa."

Akaniuliza uzito bila haya,
nami sikudanganya sana, kilo mbili tu.
Akauliza mkono gani huchoka kwanza,
na nikianguka, huangukia upande upi.
Pistoni kubwa aliikataa:
"Hiyo ni ya kusimulia baa.
Wewe unataka ya kukutoa konani."

Wiki sita. Theluji ya ziwani
ikafukia sanduku la barua hadi shingoni.
Simu ilipigwa mara moja, saa tatu usiku, nikiwa kazini:
hakusema hata halo,
aliisogeza tu karibu na ekzosi.
Nikasimama kati ya vifuniko elfu kumi
nikasikiliza kitu changu kikipumua.

Aprili tukatoka naye shambani,
yeye na kopo la jeti, vitobo vya kupitisha mguu wa sisimizi.
Nazunguka, narudi, anachomoa plagi bado ya moto.
Nyeupe kama chaki: inaungua.
Nyeusi kama tako la sufuria: imevimbiwa.
Tulitafuta ile rangi ya andazi
lililotolewa kwa wakati,
tukaikosa mara tano.
"Asubuhi hewa nzito," akasema, "inadai mafuta.
Adhuhuri, punguza."
Nikamwambia ndivyo ulivyo mchele:
mpya na wa zamani haunywi maji sawa.
Akaliandika hilo ukutani, kwa penseli,
chini ya namba za bolti.

Mei. Tulikuwa kumi na tisa kwenye mstari.
Kijana wa farasi hamsini na nane
alinipita kwenye mnyoofu, akapotea. Haya.
Kona ya kushoto ikaja.
Mwili wangu, kwa mazoea ya miaka mitatu,
ukainama kukipokea kikohozi,
na kikohozi hakikuja.
Nikayumba. Gurudumu likala nyasi.
Nusura niangushwe na afya.

Nilimaliza wa saba.
Verlin, ukingoni, hakupiga makofi.
Alikuwa amekinga kiganja nyuma ya sikio,
na macho ameyafumba.