Kikombe kwa Kikombe

Vifaranga wa sato elfu mbili
walitoka Nyegezi ndani ya pipa la bluu,
jua limekaa juu ya kifuniko
kama abiria asiyelipa.
Tulipofika Igombe nilipima pipa:
nyuzi ishirini na tisa.
Nikaandika kiganjani.

Ziwa sikulipima.
Mvua ya mawe ilikuwa imepita muda si mrefu,
punje zake zingali zinayeyuka kwenye nyufa za majabali,
na Lushinge ameshaingia hadi kiunoni,
meno yanagongana, ananihimiza:
Mimina bwana, giza linaingia.

Nikamimina.

Samaki hana blanketi.
Hana damu ya kujipashia moto;
maji yakipoa naye anapoa,
mpaka ndani ya moyo.
Walizunguka kizimba mara moja
kama walioitwa na mtu wasiyemwona,
kisha wakalala ubavu,
midomo wazi, hawana la kusema.

Alfajiri kizimba kilikuwa cheupe kwa matumbo,
na korongo watatu wamesimama majabalini
kama wadai.
Waliopona, siku ya nne,
waliota ukungu mkiani, mweupe,
pamba ya Kwimba iliyokosa msimu.

Nyanzobe, aliyefuga kabla yetu, hakunilaumu.
Aliuacha mfuko wa vifaranga wake uelee,
umefungwa,
muda wa kuchambua mchele wa sufuria moja.
Akaufungua. Akatia kikombe cha ziwa.
Akangoja.
Kikombe kingine.
Akanisimulia bei ya mashudu, ugomvi wa shemeji yake.
Kikombe.

Nilikuwa nimeshauona mkono ule.
Siku baba alipofia Ukerewe
mjomba Bwire alipiga simu asubuhi:
Baba yako ana homa kidogo.
Mchana: Homa haijashuka.
Jioni: Njoo, na ubebe nguo za siku kadhaa.
Gatini nikakuta watu wamevaa kanga mabegani,
nikajua, na magoti yakanibeba.

Miaka sita nilimwita mwongo.

Mavuno ya kwanza nimempelekea sato sita.
Akawageuza, akawatazama macho,
akauliza hii ni ya deni gani.
Nilikuwa na maneno mengi, yote ya baridi,
yamejaa mpaka ukingoni.

Kaa kwanza, mjomba, nikasema.
Kunywa maji.