Ati ya Samba la Ai

Saa tatu asubuhi H iligoma.
Haikuvunjika, haikulia. Ilizama tu
kama jino la mzee kwenye mua
na ikakaa humo.

Kibaraza cha stesheneri, nyuma ya soko la Mbuyuni, Moshi.
Kwenye kiti cha plastiki Bi Ndeonasia,
ametoka Machame na gari la kwanza,
bahasha kaikumbatia ndani ya kitenge.
"Andika," alisema. "Mume wangu hakuuza."
Nikaandika. Nikatazama skrini.

Mume wangu akuuza.

Nikafuta, nikabonyeza kwa kidole gumba:
akuuza.
Marehemu wa miaka kumi na mmoja, na mashine yangu
inamfufua ili amuuze mjane wake.

Hati ikawa ati.
Haki ikawa aki, chafya iliyoghairi njiani.
Shamba ni samba, shahidi ni saidi,
na wilaya nzima ya Hai, pamoja na migomba yake,
imebaki ai! ya mtu aliyejikwaa.

Fundi Mmbando wa ng'ambo ya barabara alishanieleza:
herufi moja haiuzwi, dada, inauzwa kibodi,
elfu hamsini na tano, tena mpaka iagizwe Arusha.
Kwenye droo nilikuwa na elfu tisa
na sarafu za fotokopi.

Nikazima. Nikaigeuza kifudifudi,
nikaigonga mgongo kama mtoto aliyepaliwa.
Zikadondoka chembe za karanga, unywele,
kipande cha ukucha, sijui cha nani.
H haikutikisika.

Basi kibanio cha nyusi.
Kona ya chini kwanza, taratibu,
(wapo wanaosema juu kwanza; hao hawajanunua kwa pesa yao)
mpaka ile ta ndogo
inayokufanya uamini umeshaharibu.
Kitufe kikatoka kizima.
Chini yake kipira cheupe, na mikono miwili ya plastiki
imekumbatiana, imeganda
kwa kahawa ya juzi, sukari vijiko vitatu.
Yangu. Sikumsingizia mtu.

"Nishikie, bibi."
Akakiweka kiganjani, akakielekeza kwenye mwanga.
Hajui kusoma; alilisema mwenyewe alipoingia, bila aibu.
"Haya ni masale mawili," akasema,
"na ufito katikati."
Akanyamaza.
"Ndiyo waliyoyang'oa."

Pamba ya masikio, tone la spiriti.
Nikafuta kama anayeosha jicho la kifaranga.
Tukasubiri pakauke,
yeye na masale yake mkononi,
mimi na simu inayoita nisiyoipokea.

Alipokirudisha kilikuwa na joto.
Nikapachika. Juu kukaingia, chini kukakataa,
nikabana: ko.

hhhhhhhhhhhhhhhh

mstari mzima, kama mtu anayepoza uji.
"Inapumua," akasema bibi, akacheka,
mara ya kwanza tangu asubuhi.

Nikarudi mwanzo.
Hakuuza. Hakuweka rehani.
Hakumsogezea kaka yake mpaka, wala hakuwepo shahidi
kwa kuwa halikutendeka.
Kila ha niliipiga kwa nguvu kuliko inavyostahili,
naye aliinamia skrini, kidole mbele:
"Pale. Na pale."
Kisha, "Na hili, mbona sale moja limekatwa?"
"Hiyo ni herufi ndogo, bibi. Ni ileile."
Alinitazama kwa muda, kama hakimu.

Nilimtoza elfu mbili, za kurasa.
Shauri limeahirishwa mara mbili tangu siku ile.
H imekaa upande kidogo,
inapiga kelele kuliko wenzake,
na Mmbando akipita husema nibadilishe kibodi.
Nami humwambia kesho.