Milimita Nne

Zamu ya usiku, kiwanda cha sukari nje ya Jinja.
Mnyororo wa makapi umesimama ghafla, saa nane na robo,
na simu yangu inalia: Naigaga, njoo na spana.

Nakukuta palepale ulipofungwa,
kihisi chenye unene wa dole gumba,
mkia wa waya, uso uliozibwa
na molasi, vumbi la miwa, grisi ya wiki tatu.
Jicho lingekwisha kupofuka.
Wewe huna jicho. Una koili ya shaba
na uga wa sumaku unaoupumua mbele yako,
milimita nne tu.
Jino la giya likipita humo
pumzi inakatika, taa ya manjano inawaka,
kabati la umeme linaandika: moja.
Moja. Moja. Mara tano kwa sekunde,
bila kugusa, bila kulika.

Kabla yako alikuwepo Kirunda.
Alisimama hapa na tochi, akihesabu mizunguko,
akipima mnyororo kwa kidole kama mtu anayeonja mchuzi.
Mnyororo ulimla vidole viwili.
Sasa anafagia. Amekuja na fagio lake kutazama.

"Kimekufa?"
"Sijui."
Ananyoosha mkono wa vidole vitatu mbele ya uso wako.
Giza.
Nyama huijui. Mfupa, mti, glasi, muwa,
yote kwako ni hewa.
"Hakinioni," asema, na sauti yake haina uchungu,
au inao, sikusikiliza vizuri.
Anatoa mfukoni sarafu ya mia tano.
Si chuma hasa; lazima aisogeze karibu kabisa.
Taa: pa!
"Kumbe nacho kinapenda pesa!"
Tunacheka hadi msimamizi anafoka kutoka juu ya ngazi.

Basi si wewe mgonjwa.
Bolti ya kishikizo imelegea kwa mtikisiko,
umerudi nyuma unene wa ukucha,
na meno yote yanapita ng'ambo ya pumzi yako.
Ukasema: hakuna kinachozunguka.
Wakakuamini, wakazima kila kitu.
Hukudanganya.

Nakusogeza. Kirunda ameshika tochi.
Nakuachia milimita tatu, ya nne iwe akiba.
Nakaza.

Moja. Moja. Moja.
Kirunda anahesabu nawe kwa midomo, kimya,
mpaka mwendo unamshinda.