Usiku wa Kupakia

Mablanketi manne tuliyagongomea ukutani, Isyesye,
ili mbwa wa Mwakalinga asiimbe nasi.
Mvua ya Machi haikuzuilika. Imo, ubeti wa pili,
inagonga bati. Subilaga akasema iache,
haitatudai mgawo.

Meneja wetu ni daftari la kurasa mia:
magunia matatu ya viazi, maikrofoni;
picha ya jalada, deni, kwa Anyosisye;
bando, bado.

Leo saa sita usiku, asilimia tisini na moja,
vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Julai,
tunapokezana simu kama kikombe cha chai.

Imepanda.

Msikilizaji wa kwanza, mimi.
Wa pili, Subilaga, chumba hiki hiki.
Wa tatu yuko macho mahali,
hatumjui.