Kikohozi Kisikatwe

Miaka kumi na moja nabisha hodi Maziwa Ng'ombe,
mizani ya kupimia watoto begani,
daftari kwapani, kalamu nimeifunga uzi isipotee.
Hodi yangu wanaijua. Hata kuku hawakimbii.
Naandika: jina, kilo, chanjo, choo kipo au hakipo.
Daftari halina safu ya kuandika
mama alinijibu huku akitazama wapi.

Ndipo ikaja kamera. Moja, ya watu watano:
mie Time, na Kazija, na Mize wa Shumba,
Raya na mimba yake ya miezi saba,
na Bimkubwa, asiyejua kusoma lakini ana jicho.
Mwalimu, kijana wa kutoka Unguja,
akatufundisha kushika pumzi, picha isitikisike.
Kushika pumzi! Kazija akacheka.
Mara ngapi tumeishika,
mtoto katoka na bado hajalia?

Siku ya kwanza tulipiga picha miguu yetu.
Siku ya pili mbingu, nusu saa nzima,
Raya kasahau kuizima,
na chini ya mbingu hiyo sauti zetu
tukigombania nauli.

Siku ya tatu tukaenda kwa Bikombo, kwenye mawe.
Kibanda cha makuti, kipande cha tairi kidoleni,
nyundo, rundo la kokoto.
Ndoo ishirini ndiyo sare ya mtoto mmoja.
Nikamwambia, Bikombo, tumekuja.
Akasema, nawaona. Leo mizani yenu ina jicho moja.
Akaendelea kuponda.
Vumbi likapanda, akakohoa,
akasema maneno mazito kuhusu bei ya ndoo,
akakohoa tena.

Usiku, kwenye kompyuta ya skuli, tukakata.
Sie kukata tumezoea. Lakini kitovu kina pake.
Maneno ya mtu, unakata wapi?
Mwalimu akasema, hiki kikohozi tukitoe,
kinaharibu sauti.
Bimkubwa akasema:
Mwanangu, hicho ndicho anachosema.
Mie nikafungua daftari.
Wanawake wa mawe, ukurasa kwa ukurasa:
kifua, kifua, kifua,
kwa mwandiko wangu mwenyewe, miaka kumi na moja,
na sikuwahi kukisikia.

Tukamrudia Bikombo kabla hajaona mtu mwengine.
Tulikwisha kupatana: mwenye uso
ndiye mwenye neno la mwisho.
Akatazama, kiganja kimeikinga simu na jua.
Akasema, kikohozi kibaki.
Pale mtandio ulipoteleza, toeni.
Na mbona nyinyi hamumo?

Akajifuta vumbi kwa ncha ya kanga,
akanyoosha mkono. Lete.
Kazija akamwonyesha kitufe.
Tukajipanga watano kama foleni ya chanjo,
naye akatuuliza kwa sauti yetu ileile ya kila mwezi:
Jina? Umri? Watoto wangapi? Choo kipo?
Tukacheka. Yeye hakucheka.
Akasogea, jicho moja limenikazia:
Na wewe Time,
kwa kazi hii wanakulipa nini?

Picha ilionyeshwa skuli, shuka jeupe ukutani,
sheha kwenye kiti, watoto mkekani,
Raya mlangoni, mgongo unamuuma.
Bikombo alipokohoa shukani
wanawake wawili nyuma wakakohoa pia,
wakaziba midomo kwa kanga, kama waliofumaniwa.

Na pale nilipotakiwa kujibu
pana sekunde tisa za kimya.
Nyundo ya jirani inasikika. Mimi nachezea uzi wa kalamu.
Mwalimu hakusema tukate.