Safu ya Saba

Sheha kanikabidhi daftari na kalamu moja,
saa nne usiku, skuli ya Mwanakwerekwe, darasa la tano B.
"Andika, Mwanatime. Mkoa wanataka idadi alfajiri."
Safu sita: jina, umri, jinsia, shehia, kaya, mali iliyopotea.
Nikaandika.

Bi Miza Pandu, sitini na kitu,
cherahani, magodoro mawili, na kuku sita.
Kuku niwaandike vipi, wazima au wafu?
"Andika walikuwa wanataga," akasema,
na nikaandika hivyo hivyo.

Masika ya mwaka huu hayakubisha hodi.
Yalipita mlango wa uani,
yakapanda kitandani, yakanyanyua jiko
yakalizungusha ukumbini kama mgeni anayetafuta kibla.

Watu mia mbili na kumi na tatu.
Vyoo vitatu, kimoja kina kufuli,
na mwenye ufunguo simu yake imezimwa.

Kisha Vuai.
Amesimama uwanjani, maji ya magoti,
vifungo vya shati vimepishana,
anahesabu kwa sauti.
Akifika arubaini anaanza upya.
Kila gari linapopita barabarani anapiga ukelele,
na watoto ndani wanaitikia kwa kilio.

"Mtoeni," akasema mmoja.
"Mfungeni. Kamba ipo kwenye gari ya zimamoto."
Dada yake, Bikombo, hakujibu.
Alimshika kaka yake kiwiko, akatuonesha vifundo vya mikono:
kamba ya mwaka juzi
bado haijafunguka.

Nikapiga namba iliyobandikwa kituo cha afya. Ikaita mpaka ikachoka.
Nikapiga hospitali.
Muuguzi mmoja, wodi mbili, gari haina mafuta.
"Mzuieni asidhurike," sauti ikasema.
"Namwamsha mwenzangu, anakaa huko huko kwenu."
Kuzuia bila kufunga, nani alitufundisha?
Tunajua kuzuia moto, kuzuia kipindupindu,
kuzuia magari kwa mbao ya misumari.
Mtu tumefundishwa kumkamata tu.

Akaja saa tisa, Zuwena, viatu mkononi,
kanga juu ya nguo ya kulalia.
Hakumwita. Hakumuuliza jina,
jina lake limeshaulizwa sana.
Aliingia majini, akasimama ubavuni mwake
kama aliyechelewa sala ya jamaa akaunga safu.

"Umefika wapi?"
"Thalathini na mbili."
"Thalathini na tatu," akasema Zuwena.
Wakenda pamoja, mvua inawapiga wote wawili sawasawa,
mpaka arubaini.
Vuai akanyamaza.
"Arubaini na moja," akasema yule mwanamke, taratibu,
kama anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto mchanga.

Baadaye Bikombo kaniambia:
hatua arubaini, mlangoni kwao hadi mtaroni,
pale mafuriko yale mengine yalipomchukua mama yao.

Alfajiri wakaja mkoa:
magodoro themanini, mchele, mafuta ya kula, mpiga picha.
Mpiga picha akamtaka Bi Miza akamate gunia vizuri.
"Wote wameandikwa?"
Vuai amelala kizingitini, kichwa juu ya mkoba wa Zuwena.
Zuwena macho, anakamua ncha ya kanga yake.

Nikaandika: Vuai Mcha, thalathini na nne,
mwanamme, kaya ya watu wawili.
Mali iliyopotea.
Kalamu ikasimama hapo.

Nikachukua rula ya mwalimu
nikapiga mstari pembeni mwa karatasi,
palipobaki upana wa kidole.
Sikuipa kichwa, sikulijua jina lake.
Ndani yake nikaandika: 41.

Ofisa akaweka kidole.
"Hii nini? Shilingi? Magunia?"
Nikamwambia asubiri kidogo,
bado tunahesabu.